Kinyago Kwenye Mpunga wa Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Juni

Andika tarehe kwanza. Umeandika? Haya, sasa andika kwamba mimi ni Ng'wana Budeba na haya ni maneno yangu, ingawa sijui kusoma hata herufi moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Nyamizi, darasa la saba, hapa Madibira. Mwalimu Juliana, yule binti anayejitolea pale shuleni, kasema mtoto aandike kila siku mpaka mtihani wa Septemba, mkono uzoee. Nikamwuliza, aandike nini? Akasema, chochote bibi, wewe mpe maneno. Nikacheka. Mimi naweza kukosa mafuta, naweza kukosa chumvi, lakini maneno? Nimetoka nayo Maswa kwa miguu nyuma ya ng'ombe, nikafika nayo huku Usangu. Mume kafa, ng'ombe wameisha, maneno yamebaki yote.

Usiandike kwamba nilicheka. Umeshaandika? Basi acha.

Leo tumekata jaruba la kwanza. Mpunga umezaa.

Jumanne, 4 Juni

Mgongo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepeleka debe la mpunga la chakula cha shule. Serikali inasema shule bure, na ni kweli, ada hakuna. Lakini chaki ikiisha katikati ya mwezi tunaombwa sisi, mlinzi tunamlisha sisi, na uji wa watoto unatoka kwenye viroba vyetu. Darasa la saba wako tisini na moja, chumba kimoja, madawati ishirini na mbili. Nyamizi kanihesabia. Wengine wanakaaga chini, wanaandikia mapajani.

Stoo ya mpunga iko ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nikakiona kile kinyago juu ya kabati, kimefungwa kitenge kiunoni. Masikio kama ya punda, mdomo wazi, tumbo mbele. Mwaka jana shule yetu ilikuwa ya mwisho kata nzima, basi wakubwa wa elimu wakamwita Mwalimu Crispin mbele ya watu wakamkabidhi. Eti zawadi ya wa mwisho. Inakaa kwako mpaka shule nyingine iwe ya mwisho, ndipo na wao wapewe. Akaileta kwenye bodaboda ameipakata kama maiti ya mtoto.

Siku ile nilimwonea huruma. Andika hilo, maana nitalihitaji.

Jumamosi, 8 Juni

Leo andika taratibu, usiruke kitu.

Mwalimu Crispin amekuja hapa. Nilikuwa napepeta. Ni Mhehe wa Kilolo, mrefu, viatu vinang'aa hata kwenye tope. "Shikamoo bibi." Nikamwitikia marahaba, nikampa kigoda, nikamwita Nyamizi alete maji ya kunywa. Akasifu mpunga. Akasifu ungo. Halafu akasema, "Bibi, Nyamizi ni mtoto mpole sana."

Mwalimu akianza kumsifia mtoto upole, jua masomo hakuna.

"Matokeo ya majaribio yametoka," akasema. "Amekuwa wa themanini na nane."

"Kati ya tisini na moja."

"Ndiyo bibi. Sasa nina ombi. Tarehe kumi na moja na kumi na mbili Septemba, naomba aumwe tumbo."

"Aumwe?"

"Apumzike nyumbani. Siku mbili tu. Wako watano wa mwisho, na wazazi wawili wameshakubali. Asiyekaa kwenye chumba cha mtihani hahesabiwi kwenye wastani. Hao watano wakibaki nyumbani, shule inapumua."

"Na Nyamizi atapumulia wapi?"

Akatazama viatu vyake. Akasema sekondari si kwa kila mtu. Akasema kuna ufundi cherehani Igawa. Akasema tena wanasema darasa la saba lenyewe linafutwa, watoto watakuwa wanamalizia la sita, kwa hiyo kila kitu kinabadilika. Nikamwambia, mwalimu, kama nyumba inabomolewa, mbona unagombana na mtoto mlangoni?

Hapo akakasirika. Akasimama. "Bibi, usinitazame hivyo. Nani alimtoa huyu mtoto shuleni darasa la tano akaamie ndege kwenye mpunga? Na la sita? Miezi miwili kila mwaka anapiga debe shambani kwako, rejista ninayo. Mimi nimfundishe kwa upepo?"

Nikarudi kwenye ungo, nikapepeta. Na mimi kuacha maneno nikashika ungo, wanaonijua wanajua.

Akaaga. "Shikamoo bibi." Sikuitikia. Mtu mzima kusalimiwa asiitikie ni jambo kubwa, hata kuku walinyamaza.

Nyamizi alikuwa nyuma ya ukuta anaosha sufuria. Ulisikia? Andika kama ulisikia.

Nilisikia bibi.

Haya. Amesema ndege. Ndege atawaona.

Jumapili, 9 Juni

Nimeenda kanisani. Mchungaji kahubiri kusamehe saba mara sabini. Nimehesabu, ni nyingi mno kwa mtu mmoja.

Alhamisi, 13 Juni

Mwalimu Crispin amekodi majaruba manne kwenye skimu ya umwagiliaji, yapo kando ya barabara, karibu na mfereji mkubwa. Mpunga wake unaanza kuinama. Mtu wa ofisi hakatagi mpunga mwenyewe. Anategemea vikundi vya akina mama, na vikundi vyote vya upande huu vinamsikiliza Mama Seni.

Nikaenda kwake. Nikamkuta ananoa mundu.

"Ng'wana Budeba, uso huo umeutoa wapi?"

Nikamweleza yote. Akanoa, akanoa. Akaniuliza watoto wengine ni wa nani. Nikamtajia. Mmoja ni Isaka, mtoto wa dada yake. Akaacha kunoa.

Sisi Wasukuma tuna dawa ya mtu kama huyo, na haina mizizi wala mganga. Ni kumtenga. Hakuna anayempiga, hakuna anayemtukana. Ila hapati moto wa jirani, hapati maziwa, hapati mkono wa kumvunia. Akipiga yowe watu wanakuja, maana yowe ni yowe. Lakini akisalimia anasalimia hewa. Kule kwetu iliamuliwaga na mkutano wa wanaume, wazee wamekaa na fimbo zao, siku nzima wanazungumza. Mama Seni akasema hana siku nzima, ana mpunga wa kukata. Akawaita wa kikundi chake, tukaamua akina mama tisa, tumesimama.

"Na mke wake?" mmoja akauliza.

"Ameolewa naye," Mama Seni akasema. "Atengwe naye."

Jumatatu, 17 Juni

Tumepiga mpunga wetu kwenye turubai. Viroba kumi na kimoja. Mpunga wa mwalimu umeshakuwa wa njano.

Alhamisi, 20 Juni

Mwalimu amemfuata Mama Seni. Mama akamwambia kikundi kina kazi. Amefuata kikundi cha pili. Kina kazi. Cha tatu kina msiba. Msiba wa nani, akauliza. Wakamwambia bado haijajulikana.

Jumatatu, 24 Juni

Kwelea kwelea wamefika. Wanageuka angani pamoja kama shuka inayokung'utwa, halafu wanatua. Nimekaa kwenye tuta nawatazama wanavyokula. Nilibeba karanga.

Nyamizi kaniuliza, bibi, unafurahi? Nikamwambia andika, usiulize.

Ijumaa, 28 Juni

Mwalimu amemleta mtu wa kombaini, mashine ya kuvunia, kutoka Igawa. Lakini mvua za mwaka huu zilichelewa kukatika, na majaruba yake yako kando ya mfereji, tope bado jeusi. Mashine ikaingia hatua kumi ikazama mpaka tumboni. Imevutwa na trekta tangu asubuhi hadi saa nane. Kijiji kizima kilienda kutazama. Watoto walikuwa wanashangilia trekta.

Akapita mbele yangu, suruali tope mpaka magotini. "Shikamoo bibi." Nikatema ganda la karanga.

Jumanne, 2 Julai

Shule zimefunguliwa. Nyamizi kaambiwa na mwalimu mkuu akae nyuma, wale watano wote nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Haya.

Jumamosi, 6 Julai

Hili litanifikisha mbali, lakini andika.

Leo ilikuwa zamu yangu kupeleka kuni na mpunga. Mwalimu alikuwa kwenye kikao. Mlinzi akanifungulia stoo, akaenda kuvuta sigara yake. Nikamwaga mpunga kwenye pipa. Nikabaki na kiroba kitupu mkononi, na kile kitu juu ya kabati kinanitazama na mdomo wazi. Nikapanda kwenye benchi. Mimi, na magoti haya! Nikakitia kwenye kiroba, nikajitwika kichwani, nikamuaga mlinzi. "Bibi, mbona umerudi na mzigo?" Nikamwambia, "Ni mambo ya ufaulu, baba."

Saa sita, jua la utosi, nikaingia kwenye jaruba la mwalimu. Nikakichomeka juu ya mti katikati, nikakivika kile kitenge chake. Nikakigeuzia barabarani.

Kijiji kilisikia kabla sijanawa miguu.

Jumapili, 7 Julai

Bodaboda zinapunguza mwendo. Basi la Rujewa limesimama, abiria wamepiga picha. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu mkuu, umemwajiri nani huyo?" Mwingine akamjibu, "Wa mwisho kata nzima, amekuja kuamia ndege!"

Ndege wala hawaogopi. Wawili wamekaa juu ya masikio.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Huyu Nyamizi hakucheka. Kaniambia, bibi, hicho kinyago ni cha shule yetu, na mimi nasoma hapo. Sikulala vizuri mchana.

Mwalimu hajakiondoa. Nadhani akikigusa atakuwa amekubali kwamba ni chake.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemkuta mke wa mwalimu, Faustina, shambani peke yake. Mtoto mgongoni, mundu mkononi, anakata kama mtu anayechana nywele. Kwao ni mahindi na viazi, mpunga hajawahi kuukata. Vidole vimejaa damu. Kila akivuta shina, punje zinapukutika chini zaidi ya zinazobaki.

"Kamwene bibi," akasema. Kwao ndiyo salamu.

Tumemtenga. Nikanyamaza. Lakini mundu alikuwa anashika vibaya, na kuna mambo jicho haliwezi kuvumilia. Nikamshika mkono nikamgeuza kiganja. "Hivi. Vuta kwako, usisukume."

Akakata mashina matatu. Akasema bila kunitazama, "Wamemwambia mwaka huu shule ikiwa ya mwisho tena anavuliwa ukuu na anahamishwa. Hata mahali hawajamwambia. Analala anahesabu wastani, bibi. Anahesabu kwa sauti."

Nikamwambia, "Na mimi wangu anahesabu. Anahesabu siku zimebaki ngapi aumwe tumbo."

Akalia. Mtoto naye akalia. Nikamchukua mtoto nikambeba mpaka akanyamaza, halafu nikamrudisha.

"Mwambie mumeo aje mwenyewe. Aje bila viatu."

Jumapili, 14 Julai

Amekuja. Bila viatu.

Tulikuwa tisa, tumekaa kwenye turubai langu. Yeye akakaa chini kwenye pumba, maana hatukumpa kigoda. Kwetu mtu aliyetengwa akitaka kurudi anatoa ng'ombe au mbuzi, watu wanakula, yameisha. Akasema yuko tayari kutafuta mbuzi wawili. Mama Seni akamtazama kama anatazama chawa.

"Nyama yako hatuli," nikamwambia. "Sikiliza. Wale watano utawafundisha wewe mwenyewe. Hapa kwangu, kwenye turubai hili, kila siku baada ya shule, tukikuona. Ukimaliza wiki moja, tunakukatia jaruba moja. Wiki ya pili, la pili. Una manne."

"Bibi, wiki nne! Mpunga utakuwa umekwisha kupukutika!"

"Na Nyamizi je, yeye kapukutika kiasi gani?"

Akatazama ndege kule. Akasema, "Na kinyago?"

"Kinakaa mpaka tumemaliza."

Jumatatu, 15 Julai

Kaja saa kumi. Kafundisha kwa hasira. Sehemu, sijui nusu ya robo. Mimi napepeta pembeni.

Jumatano, 17 Julai

Akiwa na hasira anafundisha vizuri. Kagawanya punje za mpunga kwenye ungo wangu, Isaka akaelewa, akapiga kelele kama kaona nyoka.

Jumatatu, 22 Julai

Jaruba la kwanza tumekata. Mpunga umebaki nusu tu, nusu wamekula ndege. Tumefunga midomo, hatukumsemesha.

Jumatatu, 29 Julai

La pili. Robo.

Jumatatu, 5 Agosti

La tatu. Viroba viwili.

Jumatatu, 12 Agosti

La nne tumevuna majani. Nikamwambia, wiki zako zimeisha, mwalimu, uko huru. Kinyago nikakitoa nikakipeleka nyumbani kwangu, kiko nyuma ya pipa la maji.

Jumanne, 13 Agosti

Saa kumi mwalimu kaja tena. Kakaa kwenye turubai. Kaita wale watano, kaanza kufundisha. Shikamoo zake siitikii bado.

Jumapili, 18 Agosti

Mama yako Masumbuko kapiga simu kutoka Ilula. Anauza nyanya barabarani, anakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani. Kauliza, Nyamizi anasoma? Nikasema anasoma. Akasema, "Safari hii usimwambie kitu, mama."

Nyamizi umeniuliza alikuwa anamaanisha nini. Nikasema chota maji. Umechota. Sasa kaa, andika, na usiinue kichwa mpaka nimalize.

Mama yako alikuwa na akili kuliko hao wote. Darasa la saba lake, mwaka ule babu yako alikuwa mgonjwa, ng'ombe hawana mchungaji, na kulikuwa na mtu ameshaulizia kumwoa. Akifaulu, serikali inakuja na mgambo kumtaka shuleni. Basi wenzetu wengi walikuwa wanafanya hivyo, nikafanya na mimi. Asubuhi ya mtihani nilimpa uji, nikamwambia, jifelishe. Andika majibu ya uongo. Akaniuliza, yote mama? Nikamwambia yote.

Akatii. Alikuwa mpole sana.

Mbona umeacha kuandika? Andika. Huyo mwalimu alipokaa kwenye kigoda changu akasema siku mbili tu, alikuwa amekuja na maneno yangu mdomoni mwake. Ndiyo maana nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Yeye alikuwa anaogopa kuhamishwa. Mimi nilikuwa naogopa ng'ombe wasije wakakosa mchungaji, na wameisha wote.

Jumatatu, 19 Agosti

Leo Nyamizi kanipa mgongo. Anaandika tu ninayosema.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo kaniletea uji bila kuambiwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Afisa elimu wa kata, Bwana Ezron, kaja shuleni na pikipiki. Mwalimu Juliana alikuwa ofisi ya pili kasikia. "Crispin, wale watano umeshawamaliza?" Mwalimu mkuu akasema, "Wamesajiliwa, mheshimiwa. Watakaa." Ezron akasema, "Basi kafunge mizigo."

Ezron. Sasa namjua wa kumchukia. Nilikuwa napiga mkia wa nyoka.

Jumatano, 11 Septemba

Nimempa Nyamizi uji. Nimekoroga sufuria isiyo na kitu. Akasema, "Sema tu bibi." Nikasema, "Andika ya kweli. Yote."

Eti kwenye mtihani wala hawaandiki! Miezi mitatu mkono umezoea, kumbe wanapewa kakaratasi wanaweka kivuli kwenye vijishimo kwa penseli. Mashine ndiyo inasoma.

Askari yuko getini, hakaribii mtu. Basi akina mama tisa tukakaa ng'ambo ya barabara, kila mmoja na mundu wake. Kubeba mundu si kosa, tulikuwa tunaenda kukata majani. Ezron akafika, akatuona. Akauliza, "Akina mama, mnasubiri nini?"

"Tunahesabu," Mama Seni akasema. "Wameingia tisini na moja. Tutaona wanatoka wangapi."

Hakukaa hata saa moja.

Alhamisi, 12 Septemba

Wametoka tisini na moja.

Jumanne, 29 Oktoba

Matokeo. Mwalimu Juliana kasoma kwenye simu. Nyamizi daraja la C. Amefaulu! Isaka C. Mwingine C. Wawili D, hawakupita, mmoja kati ya wale ambao wazazi wao walikubali mapema. Huyo kalia hapa kwangu, nikalia naye. Shule yetu si ya mwisho. Ni ya tatu kutoka chini.

Nimempigia Masumbuko. Nikasikia basi linapiga honi, akasema ngoja niuze.

Ijumaa, 1 Novemba

Bwana Ezron kaja kuchukua kinyago. Kuna shule huko bondeni imekuwa ya mwisho, wanamkabidhi mwalimu wao Jumatatu mbele ya watu. Mlinzi kamwambia kiko kwa Ng'wana Budeba. Akaja na Mwalimu Crispin nyuma yake, kama shahidi.

"Karibu mheshimiwa. Kaa. Kunywa chai kwanza."

Akakaa. Nilikuwa nimeshawasha moto tangu walipoonekana kwenye tuta. Nikamwekea tangawizi. Akanywa, akasifu. Akasema mwakani tuongeze bidii. Akauliza, "Haya bibi, kiko wapi?"

"Muulize mwalimu mkuu," nikasema. "Ndiye alikabidhiwa."

Mwalimu Crispin alikuwa amesimama karibu na mafiga. Nikaona macho yake yameshuka. Sikio moja, lile la punda, lilikuwa limetokeza nje ya moto, bado halijashika. Ni mti wa mninga, unachelewa kuungua. Akalitazama. Akanitazama mimi. Halafu akanyoosha kiatu chake kile kinachong'aa, akalisukuma ndani polepole.

"Kimeliwa na mchwa, mheshimiwa," akasema.

Ezron akaomba kikombe cha pili.

Walipoondoka mwalimu akabaki nyuma kidogo. Bado hajui kama anahamishwa. "Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba."

Andika kwamba nimeitikia hiyo moja. Za tangu Juni sizirudii.